Kupiga picha hadharani: unaruhusiwa wapi, unazuiwa wapi, na picha ikishapigwa uitumie vipi

Kiunzi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Swali hili halikauki humu: umesimama barabarani na kamera, mlinzi anakuja anakwambia futa. Ana haki hiyo au hana? Majibu huwa ya kambi mbili. Kambi moja inasema barabara ni ya wote, piga unachotaka. Ya pili inasema Tanzania huinui kamera bila kibali. Zote mbili zinapotosha, na anayeumia ni kijana mwenye kamera ya mkopo.

Hakuna sheria moja inayoitwa ya upigaji picha, na hakuna inayomtaka mpita njia awe na kibali ili apige picha ya barabara. Kuna sheria kadhaa, kila moja inagusa kipande. Mimi huzipanga kwa maswali matatu: miguu yako iko kwenye ardhi ya nani, lenzi imeelekea wapi, na picha inakwenda kutumika wapi. Ugomvi mwingi wa mtaani ni wa mtu aliyejibu swali la kwanza akadhani kamaliza.

Tuanze na miguu. Barabara, njia ya waenda kwa miguu, soko la wazi, ufukwe usio na uzio: hapo upo kwa haki yako. Ila sehemu yenye watu wengi si lazima iwe ya umma. Jumba la maduka la Mlimani City, stesheni ya treni ya SGR, kituo cha mabasi ya mwendokasi, hospitali, uwanja wa mpira, ukumbi wa hoteli, zote zimefunguliwa kwa watu lakini zina mwenyewe au msimamizi, na msimamizi ana haki ya kuweka masharti ya kuingia. Akisema hapa hakuna kamera, unatii au unatoka. Ukigoma kutoka, kosa lako linakuwa kubaki kwenye eneo la mtu baada ya kuambiwa uondoke, na hapo hata hoja nzuri ya picha haikusaidii. Lakini mamlaka ya mlinzi yanaishia mlangoni. Hawezi kukunyang'anya kamera wala kukulazimisha ufute.

Lenzi sasa, na hapa ndipo watu hukwama vibaya. Kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 (Sura ya 47) na sheria ya maeneo yaliyohifadhiwa ya 1969 (Sura ya 74). Kambi za jeshi na mitambo ya ulinzi ndio msingi, kisha serikali inaweza kutangaza maeneo mengine. Kinachoangaliwa ni kile ulichokielekezea lenzi. Kwa hiyo ukisimama barabara ya umma kabisa, ukavuta kwa lenzi ya milimita 300 kuelekea geti la kambi, barabara haikuokoi. Vivuko, madaraja makubwa, bandari, viwanja vya ndege na mitambo ya umeme uvichukue kwa tahadhari hiyohiyo: tafuta bango kabla hujatoa kamera, maana bango huwa moja na huwa upande ambao hukuingilia.

Picha inakwenda wapi, hilo ndilo swali linalosahaulika kuliko yote. Kupiga ni tendo moja, kutumia ni tendo jingine. Katiba ya 1977, ibara ya 18, inalinda uhuru wa kutafuta na kutoa habari. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu. Juu yake tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yenye Tume yake. Uso unaotambulika ni taarifa binafsi. Picha ya mama muuza ndizi Kariakoo ukiiweka kwenye maonyesho ya sanaa, hilo ni jambo moja. Picha hiyohiyo ikikaa kwenye tangazo la mikopo, umemfanya mama yule balozi wa kampuni asiyoijua, na hakuna "alikuwa hadharani" itakayokutetea.

Karibuni mjazie, hasa wa Kenya na wa visiwani.

Mgeni_Shata

Mkuu nakubali, lakini barabarani mambo hayaendi kwa ibara. Polisi akisema "fomati kadi hapahapa", nafanyaje?

MsomaSheria

Mgeni_Shata, kwanza mjue aliye mbele yako, kwa sababu sare zinafanana kwa mbali. Mlinzi wa kampuni ana mamlaka ya mwenye eneo tu. Mgambo wa manispaa anasimamia sheria ndogo: kuziba njia, kufanya biashara pasipo kibali, usafi. Polisi ndiye mwenye mamlaka ya kukamata na kupekua, na hata yeye ana utaratibu chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20).

Kwa polisi, twende taratibu. Shusha kamera ining'inie shingoni, mikono ionekane. Usizime wala usianze kubonyeza menyu, maana inaonekana unaficha. Salimia, taja jina, sema unapiga nini na kwa ajili ya nani. Uliza kwa upole: "Afande, niko chini ya ulinzi au naweza kuendelea na safari?" Swali hilo moja linamlazimisha achague. Kama huko chini ya ulinzi, ondoka. Usibaki kubishania heshima.

Akisema uko chini ya ulinzi, ana wajibu wa kukuambia kosa. Akichukua kamera au kadi kama kielelezo, sheria inataka utoe saini na upewe hati ya vitu vilivyochukuliwa, yenye saini ya mashahidi. Hakikisha iandikwe aina ya kamera, namba ya bodi iliyo chini yake, lenzi, idadi ya kadi na ukubwa wake. "Kamera moja nyeusi" haitoshi. Kamera nyeusi ziko nyingi stoo. Aliyekamatwa bila hati ya kukamata anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au kupewa dhamana ya polisi kwa makosa yanayodhaminika.

Kuhusu kufuta: kama picha ni kosa, basi ni ushahidi, na ushahidi haufutwi barabarani. Kama si kosa, hakuna sababu ya kuifuta. Hoja hiyo waweza kuisema kwa sauti ya chini: "Afande, kama ina tatizo tuipeleke kituoni ikiwa hivyohivyo." Wengi wanaotaka yaishe palepale hawapendi safari ya kituoni. Ila soma hali. Saa tano usiku, peke yako, na mwenye bunduki amekasirika, futa uende. Kuna dawa yake.

Na tafadhali, usitaje namba za kifungu barabarani. Sheria zetu zimefanyiwa toleo jipya la 2023, na anayekariri vifungu kutoka kwenye picha ya WhatsApp anaweza kuumbuka mbele ya mtu anayekijua kitabu.

Fundi_Memori

Dawa yake hii hapa. Kufuta picha au kufomati kwa kawaida hakuondoi picha. Kamera inafuta orodha ya majina tu, data inabaki hadi picha mpya ziikalie. Kwa hiyo sharti la kwanza: usipige hata picha moja baada ya hapo. Toa kadi. SD kubwa ina kifungio pembeni, kisukume chini ijifunge. MicroSD haina, itie kwenye adapta yenye kifungio.

Nyumbani tumia kisoma kadi, usiunganishe kamera kwa waya. Pakua PhotoRec, ni ya bure na inakuja pamoja na TestDisk. Chagua kadi (tazama ukubwa wake usije ukachagua diski ya kompyuta), chagua mfumo wa faili wa FAT/exFAT, kisha sehemu ya kuchagua aina za faili weka jpg na tif peke yake. Faili ghafi za NEF (Nikon) na CR2 (Canon) zimo ndani ya kundi la tif, watu huzitafuta kwa majina yao wakadhani hazipo. Elekeza matokeo kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile, la sivyo unaandika juu ya unachokitafuta.

Majina ya faili yatapotea, tarehe na saa zitabaki ndani ya EXIF (maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya kila picha), hivyo panga kwa saa ya kupigwa. Video ndefu mara nyingi hurudi zikiwa zimevunjika, kwa sababu vipande vyake vilikaa sehemu tofauti za kadi.

Haitafanya kazi kama aliyefomati alichagua fomati ya kina, ile ya kusafisha kadi yote. Kwa simu pia sahau PhotoRec, hifadhi ya simu za sasa imefungwa kwa msimbo (encryption). Tumaini lako ni pipa la taka: iPhone huweka siku 30, Google Photos siku 60 kwa picha zilizokwisha kupandishwa. Wenye kamera ya nafasi mbili za kadi, iwekeni iandike kote kote.

Onyo: kama ulipiga eneo lililokatazwa kweli, usirudishe. Kuwa nayo kunaweza kukuongezea kosa.

PwaniYetu_001

Salamu kutoka Mombasa. Huku mfumo ni uleule kwa umbo, tofauti ni meno. Katiba ya 2010: kifungu cha 33 uhuru wa kujieleza, cha 31 faragha, cha 49 haki za aliyekamatwa, nacho kinasema mahakamani kabla ya saa 24. Kambi na maeneo ya siri yamo kwenye Sheria ya Siri za Serikali (Sura ya 187) na ile ya maeneo yaliyolindwa (Sura ya 204). Ikulu, kambi, kivuko cha Likoni: weka kamera kwenye mkoba, huna la kubishana.

Meno yenyewe ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Ofisi ya Kamishna wa Data. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza adhabu mbili ambazo kila mpiga picha anafaa kuzijua. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa. Roma School ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kikomo cha faini ya ofisi ni shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ipi iliyo ndogo. Malalamiko yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90 na ni bure kulalamika, kwa hiyo aliyepigwa picha hahitaji wakili wala pesa ya kesi.

Kanjo, yaani askari wa kaunti, nao ni habari nyingine. Wakikuona na tripodi na watu watatu wanaoshika reflekta, ushakuwa "biashara". Ukiwa na kamera mkononi huwa hawakuoni.

dada_fleshi

Sasa PwaniYetu, kwa maelezo hayo si umeua upigaji picha wa mitaani Kenya nzima? Kila sura niombe ridhaa sokoni Kongowea?

PwaniYetu_001

La, dada, soma tena waliotozwa: klabu na shule. Wote wawili walitumia sura za watu kujitangaza. Sheria yenyewe imeacha milango. Kifungu cha 51 kinaondoa shughuli za mtu binafsi za nyumbani kwake. Kifungu cha 52 kinaacha nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, mradi kuna maslahi ya umma. Kifungu cha 37 ndicho kinachobana: kutumia data ya mtu kibiashara kunataka ridhaa ya wazi.

Halafu mahakama. Katika shauri la 2017 kuhusu picha ya mtu kwenye matangazo, Mahakama Kuu ilieleza mambo matatu ambayo mlalamishi athibitishe: kwamba sifa yake inayolindwa, kama sura au jina, ilitumika, kwamba ilitumika kwa manufaa ya aliyeitumia, kwamba hakuridhia. Ukiweka Kongowea yote kwenye fremu, watu arobaini na mizigo, hakuna aliyetumiwa. Ukimkata mmoja ukamweka peke yake juu ya bei ya unga, umeyatimiza yote matatu.

Tatizo la kweli ni pale unapopandisha albamu Instagram ya "sanaa", na ukurasa huohuo una namba yako ya oda na bei za harusi. Hapo sanaa na biashara zimechanganyika, na mlalamishi atauliza picha yake ilikuwa inauza nini. Tenganisheni kurasa.

ShamteB

Na picha za ajali? Boda ameanguka, watu wote simu juu.

PwaniYetu_001

Kenya, sheria ya usalama ya Desemba 2014 ilijaribu kufanya kosa kuchapisha picha za maiti na majeruhi zinazoweza kuzua hofu kwa umma; Mahakama Kuu ikakifuta kipengele hicho Februari 2015 pamoja na vingine. Kwa hiyo si jinai kwa njia ile. Faragha na utu vimebaki, nayo familia ikiona sura ya mtu wao kwenye posti yako kabla haijapigiwa simu, hutakuwa na la kusema. Piga pikipiki, alama za breki, mpangilio wa barabara. Sura iache. Usizuie njia ya gari la wagonjwa, na usisogeze kitu ili fremu ipendeze. Hapo umeharibu eneo la tukio.

Nungwi_Pix

Assalaam aleikum. Kwa Zanzibar niongeze machache. Bara mmezoea ofisi ya serikali ya mtaa; huku mtu wako ni sheha. Ukitaka kufanya kazi ya siku kadhaa ndani ya shehia moja, kwa mfano akina mama wa mwani Paje au mafundi wa majahazi Nungwi, nenda kwake kwanza ujitambulishe. Hana sheria ya kukupa kibali cha picha, ila bila yeye kila mtu mzima atakuuliza umetoka wapi, na akisema "namjua" maswali yanaisha. Bara vilevile: barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji ni karatasi moja inayookoa mabishano mengi.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na wengine hudhani hiyo inamaanisha picha zinalipiwa. Vichochoro havilipiwi. Ndani ya majengo yanayosimamiwa kuna masharti yake, uliza getini. Filamu, tangazo na video ya muziki, hizo zinapitia BASSFU, baraza la sanaa, sensa ya filamu na utamaduni la Zanzibar. Bara ni Bodi ya Filamu, Kenya ni bodi yao ya filamu, KFCB. Picha ya mnato na video ya biashara si kitu kimoja, na kwa kuwa kamera za siku hizi zinafanya yote mawili, mkaguzi akiona maikrofoni juu ya kamera atakuhesabu wa video. Kama hurekodi, ivue.

Adabu ya hapa mnaijua lakini wageni wa kazi hawaijui. Mwanamke aliyefunika uso akigeuka, ni hapana. Msikitini usielekeze lenzi kwa walio kwenye sala hata kama mlango uko wazi. Sokoni Darajani asubuhi, nunua kwanza, omba baadaye. Na watoto, tafadhali. Mtoto kucheka mbele ya lenzi si ridhaa. Tafuta mzazi, na kama ni chuo (madrasa) au skuli, mwalimu mkuu peke yake hatoshi kwa picha ya kwenda kwenye kalenda au bango.

Jingine: kumpa mtu elfu tano ili akupozie si idhini ya kumtumia kwenye tangazo. Umelipia kupiga. Kutumia hamjakubaliana bado. Makampuni ya utalii yanapenda kujisahaulisha hapo.

Mgeni_Shata

Ahsante sheikh. Hiyo fomu ya idhini inaandikwaje? Nimeona za mitandaoni zina kurasa tatu za Kiingereza.

MsomaSheria

Kurasa tatu za Kiingereza mbele ya mtu asiyesoma Kiingereza ni sawa na hakuna fomu. Ukurasa mmoja, Kiswahili, herufi kubwa. Weka jina la aliyepigwa na namba ya simu; jina lako na la kampuni kama ipo; tarehe na mahali; namba za faili za picha zenyewe, mfano DSC_4410 hadi DSC_4432, ili kesho asiseme alikubali nyingine. Kisha matumizi, na hapa usiandike "matumizi yote". Andika: tovuti, mabango, magazeti, mitandao ya kijamii, kuuza kwa kampuni nyingine. Kila moja na kisanduku chake cha ndiyo au hapana. Muda: miaka miwili, mitano, au bila kikomo. Nchi. Malipo, kwa tarakimu na kwa maneno. Saini.

Asiyesaini anaweka dole gumba, na shahidi asiyefanya kazi nawe anaandika kwamba alisomewa akaelewa. Mtoto anasainiwa na mzazi au mlezi wa kisheria. Shangazi aliyekuja naye sokoni si mlezi. Piga picha ya mtu akiwa ameshika fomu aliyosaini, ihifadhi pamoja na zile nyingine. Nakala moja abaki nayo, hata kwa WhatsApp.

Kitu kinachowashangaza watu: chini ya sheria ya Kenya, mwenye data, yaani aliyepigwa picha, anaweza kuondoa ridhaa wakati wowote. Ridhaa ya bure ikiondolewa, mteja wako mwenye mabango 60 barabarani ana tatizo, na atakurudia wewe. Ndiyo maana kwa kazi za matangazo fomu ya ridhaa peke yake ni dhaifu. Andikeni mkataba wenye malipo, muda na matumizi. Mkataba una nguvu zaidi kuliko tabasamu.

Kuhusu nani mwenye picha, Kenya sheria ya hakimiliki inasema kazi iliyoagizwa inahesabika kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wapiga picha wa harusi wengi hawajui. Bwana harusi aliyekulipa anaweza kudai picha usiziweke kwenye ukurasa wako hata kama wewe ndiwe uliyebonyeza. Sentensi moja kwenye mkataba inamaliza: "Mpiga picha anabaki na hakimiliki, mteja anapewa leseni ya matumizi binafsi," pamoja na ruhusa ya wewe kuonyesha kazi zako. Kwa picha ulizojipigia mwenyewe barabarani, ulinzi Kenya ni miaka 50. Tanzania sheria ni ile Na. 7 ya 1999, ofisi ni COSOTA; Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na COSOZA. Popote, andikeni. Msiiachie sheria iwajazie mapengo.

ShamteB

Droni je?

Kiunzi (mleta uzi)

Droni ina uzi wake, mkuu, isije ikaumeza huu. Kwa kifupi: Tanzania unaanza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na kibali cha Wizara ya Ulinzi, Kenya ni mamlaka yao ya anga (KCAA) chini ya kanuni za 2020, kikomo futi 400. Haya ya barabarani tunayozungumza hayahusu kitu kinachoruka. Ukirusha bila kibali hata ukipiga embe, umekosa.

dada_fleshi

Naomba nirudi kwenye vifaa, maana nusu ya kusumbuliwa inatokana na unavyoonekana. Lenzi ndefu ya milimita 70-200 yenye kofia inamtisha mlinzi aliye mita themanini. Fupi ya 28 au 35 haimtishi mtu. Weka tundu la lenzi f/8, kasi ya shata isipungue 1/250, ISO ya kujirekebisha yenye kikomo 3200, fokasi uiache kwenye mita tatu hivi, huna haja ya kushikilia kamera usoni kwa muda. Ukaribu nao una faida ya kisheria isiyosemwa: anayeonekana anapiga, watu wana nafasi ya kukataa. Anayevuta kutoka ng'ambo ya barabara hakumpa mtu nafasi hiyo, na akigunduliwa, mabishano yanaanza na neno "unanichunguza".

Zima sauti ya shata kama uko karibu na ibada au msiba. Kwingine iache isikike. Tripodi ni mwaliko wa kanjo na mgambo. Inaziba njia, na kuziba njia ni kosa linalojitegemea, hata kama picha haina shida. Kama lazima, tumia ya mguu mmoja au kifuko cha mchele juu ya ukuta.

Mtu akisema usinipige, shusha kamera, onyesha kiwambo, na kama ni yeye peke yake kwenye fremu, futa mbele yake. Sheria huenda haikulazimishi, lakini soko utarudi kesho na wale wauzaji ni walewale.

Muscat_Mrima

Wadau, kwa wanaokuja Ghuba kikazi na wenye tabia ya kupiga wapita njia: msizichukue hizi hoja za Kariakoo mkaja nazo Dubai. Sheria ya makosa ya mtandao ya Imarati, Na. 34 ya 2021, inafanya kosa kumpiga mtu picha bila ridhaa hata akiwa hadharani, pale inapohesabiwa kuwa umeingilia faragha yake. Kifungo kisichopungua miezi sita, au faini ya dirham 150,000 hadi 500,000, au vyote. Video za kuchekesha za wenzenu kwenye treni ziacheni. Oman nako, wanawake na majengo ya serikali msielekezee lenzi.

Walioko Ujerumani ni kinyume kidogo: sheria yao ya tangu 1907 inabana zaidi kuchapisha. Picha ya sura inataka ridhaa ya mwenyewe, isipokuwa mtu amejitokeza kama sehemu ya mandhari, au alikuwa kwenye mkusanyiko kama maandamano, au ni tukio la habari.

Mgeni_Shata

Swali la mwisho wakuu. Picha za maharusi ufukweni au bustanini, anakuja mtu na kitabu cha risiti anasema lipa ada ya kupigia. Nitajuaje ni halali?

Kiunzi (mleta uzi)

Inaweza kuwa halali kabisa. Manispaa na wasimamizi wa bustani wana haki ya kutoza kazi ya biashara kwenye eneo lao, na maharusi wenye mpiga picha wa kulipwa ni biashara. Muulize vitu viwili: kitambulisho cha kazi, na kontroo namba. Malipo ya serikali Tanzania yanaingia kwa kumbukumbu namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, unalipa kwa simu au benki, na jina la taasisi linaonekana kabla hujathibitisha. Ukiona jina la mtu, au akakupa namba yake ya simu umtumie, hiyo si ada ya serikali. Eneo likiwa la mtu binafsi hakuna kontroo namba, hapo dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Na lipeni kabla ya siku ya harusi, ofisini, saa za kazi. Risiti iwe kwenye mkoba wa kamera, si kwa mshenga. Anayekuja kudai hujitokeza jua likikaribia kuzama, akijua mwanga unaisha na bi harusi ameshavaa.